Haki za mateka wa vita: kusomewa tu haitoshi, askari afanye kwa mikono

Wakuu, kila vita ikizuka kuna wanaosema haki za mateka ni anasa, na wengine wanajibu "askari wafundishwe sheria basi". Hao wa kwanza nawapinga moja kwa moja, ila hata hawa wa pili naona wameishia njiani. Wafundishwe vipi?

Angalieni Uingereza. Mwaka 1972 serikali yao ilipiga marufuku mbinu tano walizotumia kuhoji watu Ireland Kaskazini: kumfunika mtu kichwa, kumsimamisha ukutani, kelele, kumnyima usingizi, kumnyima chakula na maji. Ikatamkwa bungeni kabisa. Halafu Septemba 2003 kule Basra, Iraq, Baha Mousa, kijana wa miaka 26 wa mapokezi hotelini, akafia mikononi mwa wanajeshi wa Uingereza, alifunikwa kichwa kwa masaa na masaa, mwili una majeraha 93. Ripoti ya uchunguzi ya 2011 ikaonyesha ile marufuku ilikuwa imeshafifia jeshini. Iliandikwa, ikatangazwa, na bado ikasahaulika!

Sasa fikiria usiku, mwenzako kauawa asubuhi, aliyekamatwa kalala kifudifudi mbele ya buti lako. Hapo nani anakumbuka mhadhara? Unachokumbuka ni kile mwili umeshazoea. Na Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, ule wa kimataifa unaolinda mateka wa vita, umejaa vitu vya kufanya: muulize jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba ya jeshi, akikataa zaidi ya hapo usimguse, mtoe kwenye mapigano, na ndani ya wiki moja ya kufika kambini aandike kadi ya kuwajulisha nyumbani. Haya yarudiwe gizani, na uchovu, kama wanavyorudia kufungua na kufunga bunduki, na kila askari apangiwe zamu ya kuwa mateka, afungwe mikono aombe maji asubiri.

Najua hofu iliyopo, na ni ya kweli: kuna askari hufunikwa kichwa kwenye mafunzo ya kustahimili kukamatwa, mtu anaweza kutoka pale akadhani ndivyo mateka wanavyotendewa. Ndo maana mkufunzi asimame palepale, akiona kofi moja asimamishe zoezi lianze upya, na aliyepiga aeleze mbele ya wenzake alichokosea.

Nyie mnaosema adui naye hatutendei hivyo, aliyefungwa mikono anakupiga na nini?