Mizigo ya ndege inakua, mbona sisi wenye katoni moja bado tunaumia?

mkono_kazi: Wadau habari zenu, naombeni mnieleweshe. Kila siku tunasikia kwenye nchi zinazoendelea kago ya ndege inakua, maua yanaenda Ulaya, simu na vipuri vinaingia, sawa. Sasa mimi juzi nimepeleka katoni ya vikapu, mizani inasoma kilo 9 naiona kwa macho yangu, ajenti ananipigia hesabu ya kilo 20. Imekaaje hii? Na ndege zikiongezeka si bei ingeshuka?

ajenti_mstaafu: Mkuu hujaibiwa. Ndege inaweza kujaa nafasi kabla ya kujaa uzito, so wanapima vyote unalipia kilicho kikubwa. Urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6000. Katoni ya 60 kwa 50 kwa 40 ni 120,000, ukigawanya ndo hiyo 20 yako. Umelipia hewa iliyo ndani ya vikapu. Vipachike kimoja ndani ya kingine, katoni ishuke kimo.

rubi77: Kuhusu bei, tatizo kubwa ni safari ya upande mmoja. Ndege inakuja imejaa dawa na vipuri inarudi nusu tupu, au msimu wa maua inaondoka imejaa ila ilikuja nyepesi, na mafuta inachoma kwenda na kurudi, sasa nani analipia ile nafasi tupu kama sio sisi. Tanzania 2023 ilipokea Boeing 767-300F ya mizigo, inabeba mpaka tani 54, hatua nzuri sana naipongeza, lakini tani 54 kuzijaza pande zote mbili wiki hadi wiki ni kazi ngumu kuliko kununua ndege yenyewe. Ethiopia wameweza sababu mzigo wa nchi nyingine unaunganishia Addis Ababa, hawategemei wa kwao tu.

mpakiaji_usiku: Mimi niko kwenye upakiaji na kinachoniuma kiko chini sio angani. Maua yanatoka shambani kwenye gari la baridi vizuri kabisa, yakifika uwanjani paleti, lile jukwaa lililopangwa maboksi, inawekwa kwenye lami jua linawaka, masaa mawili inasubiriwa karatasi moja igongwe mhuri, ukishika boksi unasikia joto mkononi. Pale ua halionyeshi kitu, linakuja kunyauka kwa mnunuzi na lawama zote zinamrudia mkulima ambaye hajakosea popote. Inaniuma kweli.

mkono_kazi: Asanteni sana jamani. Nimepachika vikapu nimepata 60 kwa 50 kwa 24, yaani kilo 12! @rubi77 mzigo wangu hauozi, siwezi kusubiri hizo ndege zinazorudi tupu wanipunguzie?

rubi77: Unaweza, mwambie ajenti huna haraka, auchanganye mzigo wako na ya wengine, na akupe bei ya msimu ambao maua yamepungua.