Eti "ulilipia rangi, hukulipia sauti"! Aliyepaka mpira wa sabufa, ile spika ya besi, rangi ya bampa, uzi wako huu hapa

BesiNzito256
Banange, natoka kwake sasa hivi, mkono bado unatetemeka. Yule fundi. Jina la nini? Kila mwenye boksi kwenye buti hapa Kampala anamjua, yule anayepulizia rangi kila kitu kisichokimbia. Sabufa ya inchi 12, koni (ule uso unaotetemeka) ya karatasi iliyopauka tu, imerudi nyekundu kama zimamoto: koni nyekundu, kofia ya katikati nyekundu, MPIRA WA PEMBENI, ule unaounga koni na fremu, mwekundu, hata tundu la hewa nyuma ya sumaku limezibwa na rangi. Kuuliza mbona inakwaruza, jibu mbele ya watu: "Ulilipia rangi, hukulipia sauti."

Hukulipia sauti! Spika!

Mpira ule unakwenda mbele na nyuma zaidi ya sentimita moja kila besi ikigonga. Rangi ya gari ikikauka ni ngumu, haivutiki. Inapasuka, inabanduka vipande, na kabla ya hapo thina yake imeshalainisha gundi inayoshika mpira na koni. Ungekuwa mpira wa sponji ungeyeyuka palepale. Koni ya karatasi iliyopauka haitaki rangi ya gari hata tone. Inataka rangi nyeusi ya maji, ya akriliki, nusu rangi nusu maji, brashi laini, spika imelazwa, unapaka kwa kuzunguka kutoka katikati kwenda nje. Mkono mwepesi, maana karatasi ikilowa inapinda. Ikauke, urudie mara moja, basi. Mpira unafutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo na kuachwa ulivyo.

Hukulipia sauti. Mbele ya watu!

FundiKoili
Pole sana ndugu. Usiiwashe tena kwanza. Weka vidole vya mikono yote miwili kuzunguka koni, sukuma taratibu, nguvu iwe sawa pande zote. Ukisikia mchakacho, kuna unga wa rangi au wa msasa kwenye pengo la koili, yale mazingo ya waya nyuma ya koni ndani ya sumaku. Pengo lile halifiki milimita moja upande mmoja, chembe ikiingia inachuna waya. Halafu pima ukinzani wa koili kwa mita ya umeme: sabufa ya omu 4 isome kama 3.2 hadi 3.8. Ikisoma sifuri au isiposoma kabisa, koili imekwenda.

Msasa_600
Ssebo, na wewe ulimpelekea mtu wa bampa spika nzima, umemwachia ufunguo, ukaenda kula rolex, chapati yako ya mayai? Mtu wa bampa atapaka bampa. Ungemkabidhi mtoto naye angepakwa praima, ile rangi ya kwanza ya chini.

BesiNzito256
Msasa, nilimwambia KONI TU. Akasema "najua". Kisha ndiyo ile ya hukulipia sauti.

Jinja_Chini
Wengine humu koni zenu si karatasi, ni plastiki ya polipropilini. Hiyo haishiki rangi yoyote bila praima ya plastiki. Ukipuliza moja kwa moja inaganda vizuri, unafurahi, ukifungulia muziki inabanduka kama ngozi ya nyoka. Futa kwanza kwa spiriti, praima nyepesi, kisha rangi umbali wa sentimita 20 hadi 25, mipulizo miwili myepesi, dakika 10 au 15 katikati. Mpira uzibe kwa tepu ya karatasi na gazeti, tundu la sumaku pia, na tepu uitoe rangi ikiwa bado laini kidogo. Usipulize mvua inapokaribia, rangi inapata ukungu mweupe. Kama ulishawahi kuupaka mpira ile dawa ya silikoni ya kung'arisha dashibodi, rangi itafanya macho ya samaki, vile vishimo vya duara, hata uombe dua.

Wa_Mbarara
Mbona mnamwonea? Rangi inaongeza uzito wa koni, koni nzito inatoa besi ya chini zaidi. Fundi kampa besi ya bure.

FundiKoili
Mzee Mbarara, nusu ya maneno yako ni kweli, ndiyo maana yana hatari. Sehemu inayotembea kwenye inchi 12 mara nyingi ni gramu 100 hadi 200 hivi. Ongeza gramu 10 za rangi, inashuka kidogo kweli, lakini sauti inapungua kwa umeme uleule. Sasa hapo mpira nao umegandishwa: ugumu unapandisha kile uzito ulichoshusha, na koni haitembei sawa pande zote, koili inasugua. Besi ya bure iko wapi?

Wa_Mbarara
Mimi nilisema uzito, sikusema mpira.

WayaMnene
Rangi ni dhambi ndogo. Semeni kuhusu wanaouza waya wa umeme wa amplifaya wa alumini uliopakwa shaba juu kwa bei ya shaba! Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiwa mweupe ndani ni alumini. Usidanganyike na shaba iliyopakwa bati, hiyo ni nyeupe nje na nyekundu ndani, ni nzuri. Alumini ikibidi, panda saizi moja au mbili. Fyuzi iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45, si kule nyuma kwenye amplifaya. Waya ukikwaruzwa na bodi katikati, fyuzi ya nyuma haioni kitu, gari linaungua.

Msasa_600
WayaMnene umenigusa. Wale watu ni wezi wa mchana.

BesiNzito256
Jamani uzi ni wa RANGI. Ameniambia hukulipia sauti!

Jinja_Chini
Besi, nunua mpira mpya, pima kipenyo cha koni na cha fremu kabla ya kwenda sokoni. Wa zamani kata, safisha gundi kwa spiriti, kofia ya katikati ikate, ingiza vipande vinne vya plastiki nyembamba kuzunguka koili ikae katikati, gundi ikauke saa 24 ndipo uvitoe. WayaMnene, na wale wanaobandika zulia la kufunika boksi la spika je? Gundi inaachia gari likikaa juani.

WayaMnene
Wanapaka upande mmoja! Gundi ile inapakwa kwenye mbao na kwenye zulia, unasubiri hadi ukigusa haivuti kidole, ndipo unabandika. Na kingo za MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, zinakunywa gundi, zipake mara mbili.

Wa_Mbarara
Zulia la kijivu linapatikana wapi siku hizi? Yote sokoni ni meusi.