Pasipoti ya Kimarekani ya mtoto wa miaka 7 imeisha muda, safari ya Mombasa ni baada ya siku 19

MamaPacha_DFW
Habari za jioni wadau. Tuko Dallas. Pasipoti ya Kimarekani ya binti yangu wa miaka 7 imeisha muda, na tiketi za Nairobi kisha Mombasa ni siku 19 kuanzia leo. Nimejaribu kuihuisha mtandaoni, inanikatalia. Baba yake ni dereva wa lori la masafa, yuko barabarani na atarudi siku chache tu kabla ya safari. Niende posta nilipie huduma ya haraka, ama kuna njia nyingine? Na saini ya baba tutaipataje?

Fomu_na_Mihuri
Dada, tovuti imekukatalia kwa haki. Pasipoti ya mtoto aliye chini ya miaka 16 haihuishwi. Kila inapoisha, yaani kila baada ya miaka 5, anaombewa mpya kama mtu ambaye hajawahi kuwa nayo. Huduma ya mtandaoni ni ya wenye miaka 25 na zaidi, na fomu DS-82 inayotumwa kwa posta haimhusu. Fomu yenu ni DS-11, na mtoto lazima asimame mwenyewe mbele ya karani.

Posta usiende. Huduma ya haraka inatangazwa kuwa wiki 2 hadi 3, na siku ambazo bahasha iko njiani hazimo kwenye hesabu hiyo. Kwa siku 19 hiyo ni bahati nasibu. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba ukishawasilisha, cheti cha kuzaliwa na pasipoti ya zamani vinaondoka ndani ya bahasha, na ombi lako limeshaingia kwenye mfumo. Huwezi tena kwenda ofisi nyingine na kufungua ombi la pili. Utabaki kulifukuzia lile la kwanza kwa simu.

Njia yenu ni ofisi ya pasipoti ya serikali yenyewe, ile inayohudumia wenye safari ya karibu. Dallas ipo. Huingii bila miadi, na miadi hutolewa kwa anayesafiri nje ya nchi ndani ya siku 14. Kwa hiyo dirisha lenu linafunguka siku 5 kutoka leo, na siku hizo 5 ndizo za kukamilisha karatasi. Miadi hupangwa kwenye tovuti ya Department of State (wizara ya mambo ya nje ya Marekani) au kwa simu 1-877-487-2778. Dallas ikijaa, uliza Houston. Hakuna sharti la kwenda ofisi ya mji unaoishi. Miezi ya likizo nafasi huisha asubuhi na kurudi mchana mtu akighairi, kwa hiyo usijaribu mara moja ukakata tamaa.

Miadi ni bure. Anayekuuzia, iwe Facebook au kwenye kundi la kanisa, anakuibia.

Bwana_Jumuiya
Nyongeza. Kuna kanuni ya siku 28 kwa wanaohitaji kwanza viza ya nchi wanayokwenda. Kibali cha kuingia Kenya, eTA, hakiitwi viza, kwa hiyo usiitegemee kanuni hiyo. Hesabu 14.

Pia usibonyeze ile laini ya dharura ya kifo au ugonjwa mahututi. Ni ya mambo hayo pekee na likizo haimo.

Notari_Irving
Kuhusu baba. Sheria inataka wazazi wote wawili wafike na mtoto. Asiyeweza kufika anatoa idhini kwa fomu DS-3053, na hii ndiyo karatasi inayowarudisha watu nyumbani kuliko nyingine yoyote. Makosa ni yaleyale:

Anasaini kabla ya kufika kwa notari, yaani ofisa anayeshuhudia saini. Haifai. Asaini notari akimwangalia, na tarehe ya saini yake iwe ileile ya notari. Tarehe zikipishana hata kwa siku moja, fomu inakataliwa.

Anasahau nakala ya kitambulisho. Pamoja na fomu lazima iwepo nakala ya mbele NA nyuma ya kitambulisho kilekile alichomwonyesha notari. Akionyesha leseni ya udereva, nakala iwe ya leseni hiyo, si ya pasipoti.

Muhuri umefifia, au notari hakuandika tarehe ya kuisha kwa leseni yake ya kazi. Aukague kabla hajatoka pale.

Anafuta neno kwa rangi nyeupe. Fomu moja mpya ni rahisi kuliko maelezo, achapishe mbili kabisa.

Kwa dereva wa lori hili si gumu. Notari wa jimbo lolote anakubalika, na maduka mengi ya The UPS Store yana notari. Asitumie ndugu yake kuwa notari, wala wewe huwezi kuwa. Kisha aitume fomu halisi kwa huduma ya kufika kesho yake. Picha ya WhatsApp usiitegemee dirishani. Idhini hudumu miezi 3, basi aifanye kesho, hakuna sababu ya kungoja.

Kwa wengine watakaosoma hapa: kama cheti cha kuzaliwa kina jina la mzazi mmoja tu, DS-3053 haihitajiki. Kama mahakama imempa mmoja malezi yote, peleka hati ya mahakama. Kama mwenzako hapatikani kabisa, ipo DS-5525, lakini hiyo ni ya kueleza kwa kina jinsi ulivyomtafuta, na karani anaweza kukuomba ushahidi zaidi. Usiifanye njia ya mkato eti kwa sababu hamwongei.

Fomu_na_Mihuri
Sasa mkoba wa siku ya miadi. DS-11 ijazwe kwa kompyuta au wino mweusi, ichapishwe upande mmoja wa karatasi, na USISAINI mpaka karani akuambie. Kwenye fomu chagua kitabu. Ile kadi ya pasipoti ya bei rahisi haipandi ndege ya kimataifa.

Pasipoti iliyoisha inathibitisha uraia wa mtoto, lakini haionyeshi wazazi wake ni nani. Ndiyo maana cheti cha kuzaliwa bado kinatakiwa, kile kirefu chenye majina ya wazazi wote wawili. Kile kifupi kisicho na majina yenu hakithibitishi chochote kuhusu nani mzazi. Ukikosa kile kirefu, kiagize leo.

Toa nakala ya kila kitu unachokabidhi, pamoja na leseni yako mbele na nyuma. Namba ya Social Security ya mtoto iandike, usiiache wazi. Ratiba ya safari iwe imechapishwa na ionyeshe jina la mtoto, si lako peke yako.

Picha moja ya inchi 2 kwa 2, yaani sm 5 kwa 5, ukuta mweupe nyuma, ya ndani ya miezi 6, bila miwani. Kichwa kuanzia kidevu mpaka utosini kiwe kati ya mm 25 na 35. Nywele zilizosukwa hazina shida. Kinachokataliwa ni kivuli shingoni na ukutani, na ile programu ya simu inayolainisha ngozi au kuing'arisha.

Ada: dola 100 za pasipoti ya mtoto, 35 za kupokea ombi, 60 za haraka. Jumla 195.

Bwana_Jumuiya
Ongeza 22.05 za kuletewa nyumbani kwa siku 1 hadi 2.

Fomu_na_Mihuri
Hiyo ni kama inatumwa. Safari ikiwa karibu, huambiwa urudi kuichukua mwenyewe dirishani, nyingine siku hiyohiyo, nyingine baada ya siku kadhaa kutegemea tarehe ya ndege. Mwambie karani mapema ni lipi unaloweza. Fika kabla ya saa yako, maana kuna ukaguzi mlangoni kama wa uwanja wa ndege.

MamaPacha_DFW
Asanteni sana, Mungu awabariki. Mawili yamebaki. Cheti cha mtoto kina jina langu la usichana, leseni ina jina la ndoa. Na eTA ya Kenya, naweza kuiomba sasa kwa namba ya pasipoti ya zamani ili niokoe muda?

Coast_Returnee
Jina: beba cheti cha ndoa halisi na nakala yake. Bila hicho, kwa karani mama aliye kwenye cheti na mama aliyesimama pale ni watu wawili.

eTA: la, usiombe sasa. Kibali kinafungwa kwenye namba ya pasipoti, na pasipoti mpya inakuja na namba mpya. Utalipa mara mbili na kuchelewa. Pasipoti ikishatoka, piga picha ukurasa wa taarifa usiku huohuo na uombe kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Kenya. Panga siku 3 za kazi za kusubiri. Kila msafiri ana eTA yake, hata mtoto mchanga. Mwenye pasipoti ya Kenya haiombi.

Kisha ingia kwenye nafasi yenu ya ndege ubadilishe namba ya pasipoti ya mtoto. Na ya kwako, ikague leo hii kama itakuwa na angalau miezi 6 siku mnayoingia Kenya. Watu hukimbizana na ya mtoto, kaunta ya shirika la ndege inamzuia mama.

Bwana_Jumuiya
Miadi ikigoma kabisa, piga simu ofisi ya mbunge wenu wa Congress, kitengo cha huduma kwa wakazi. Watakutumia fomu ya ruhusa ya kuona taarifa zako, uisaini, nao huuliza kwa niaba yako. Ni kazi yao ya kila siku na haina malipo. Ila uwe umeshajaribu simu na tovuti, kwa sababu ndilo swali lao la kwanza.