Kupro ya Kaskazini ni inchi ao hapana? Mdogo wangu anataka kuenda kusoma kule

Furaha_wa_Ndosho (Goma)
Jambo bandugu. Mdogo wangu amepata diplome yake ya Leta, sasa kuko mutu mwenye anatafutiaka batoto nafasi ku inivasite za inje, amemuletea barua ya kukubaliwa ku Kupro ya Kaskazini, ile kisiwa banaitaka Chypre ku Kifaransa. Baba ameshaanza hesabu ya kuuzisha parseli, kiwanja chetu. Mie nikafungula karata ku telefone nikaona kisiwa ni kimoja, lakini kuko musitari yenye inakikata toka magharibi mpaka mashariki, na Nicosia, muji mukubwa, nayo imepasuliwa mbili. Nikamuuliza yule mutu, akanijibu tu asema kule ni Ulaya, basi. Ni inchi mbili? Nani alikata na juu ya nini? Na mutoto akiingilia upande moja, anaweza kuvuka ingine sawa vile sisi tunavukaka Petite Barrière, mupaka wa Goma na Rwanda, asubui tunarudi mangaribi? Munielezee na roho nzuri, juu parseli ikishauzwa hairudi.

Mwalimu_Ibanda (Bukavu)
Dada Furaha, mwambie baba asisaini kitu kwanza. Nimefundisha jiografia miaka mingi na hiki kisiwa nilikuwa nakichora ubaoni kwa chaki, kinafanana na kikaango chenye mkono mrefu unaoelekea Siria. Kilometa za mraba 9,251, cha tatu kwa ukubwa katika Mediteranea. Upande wa kusini-magharibi kuna milima ya Troodos, kilele mita 1,952, kaskazini kuna safu nyembamba kandokando ya bahari, katikati tambarare ya Mesaoria na ndimo Nicosia ilimo. Lakini milima siyo iliyowagawa watu, hapo usidanganyike. Wagiriki Wakristo na Waturuki Waislamu waliishi wamechanganyika kisiwa kizima, kuna vijiji kanisa na msikiti vilikuwa vinaangaliana.

Waturuki wa Osmani walikichukua mwaka 1571, Waingereza wakaanza kukitawala 1878. Wakati wa Waingereza Wagiriki wengi wakataka kuungana na Ugiriki, wakashika bunduki 1955, Waturuki wakaogopa wakasema basi kigawanywe. Uhuru ukaja 1960: rais Mgiriki, askofu mkuu Makarios, makamu wake Mturuki, Fazıl Küçük, na nchi tatu za nje, Uingereza, Ugiriki na Uturuki, zikawekwa kuwa wadhamini. Miaka mitatu na kidogo tu baadaye, Desemba 1963, wakaanza kuuana, ndipo jenerali mmoja Mwingereza akachukua kalamu ya kijani akapiga mstari juu ya ramani ya Nicosia, mpaka leo unaitwa Mstari wa Kijani. Askari wa UNO, yaani Umoja wa Mataifa, wakafika 1964 na hawajaondoka.

Pigo kubwa ni 1974. Tarehe 15 Julai wanajeshi waliosukumwa na serikali ya kijeshi ya Athens, yaani ya Ugiriki, walimpindua Makarios, tarehe 20 Uturuki ikashusha jeshi kaskazini, Agosti ikasonga tena mpaka ikashika zaidi ya theluthi moja ya kisiwa. Wagiriki zaidi ya 160,000 wakakimbilia kusini, Waturuki makumi ya maelfu wakahamia kaskazini, nyumba zikabaki na vitanda vyake. Mwaka 1983 kaskazini ikajitangaza jamhuri, na inayoitambua ni Uturuki peke yake. Kwa hiyo jibu langu ni hili: kwa sheria ya dunia nchi ni moja, chini kwenye udongo serikali ni mbili.

Mtoto_wa_Shaba (Lubumbashi)
Mwalimu amesema yote, mie naongeza kimoja chenye kinanigusaka. Jina la shaba ku Kilatini, cuprum, linatoka ku hiki kisiwa, ile Cu tulikuwa tunaandika ku somo la chimie njo Kupro. Balichimba kule toka zamani sana. Na Waingereza mpaka leo biko na kambi zabo mbili za jeshi palepale, Akrotiri na Dhekelia, balijikatia ku uhuru, karibu asilimia 3 ya kisiwa. Inaniuma kabisa, batu ba inje banasaini kukulinda na bengine banabakia na kipande chabo.

Niko_Lefkoşa
Dada, mie ni mutoto wa Bukavu, nasoma huku kaskazini, Nicosia ya upande huu banaiitaka Lefkoşa. Ndege inapitia Uturuki kwanza, juu hakuna ndege ya inchi ingine inakuja moja kwa moja, na kiwanja cha zamani cha Nicosia kimekufa toka 1974 katikati ya eneo la UNO. Kusini banatumia euro, siye tunatumia lira ya Uturuki, na kila mwezi bei zinapanda. Kusini iko mu Umoja wa Ulaya toka 2004, lakini sheria za Ulaya hazifanyi kazi upande wetu, basi yule mutu amekuambia nusu.

Kuvuka: benye kisiwa banavuka toka 2003, na kuko njia moja ya maduka, barabara ya Ledra, ilifunguliwa 2008. Unafika mwisho, kuko kibanda cha polisi, kisha hatua chache za nyumba zenye madirisha yamezibwa na mifuko ya muchanga, kisha kibanda ingine. Bazee banapita na mifuko ya soko. Mie nafikaka pale kwa kibanda cha kwanza narudi, juu niliingilia kaskazini, na bale ba kusini banahesabu ile kuingia si halali. Usiku unaona bendera kubwa ya kaskazini yenye balichora ku mulima inawakawaka, na balichora kusudi bale ba kusini baione.

Masomo si mabaya, lakini muulize diplome itatambuliwa wapi, na minervale, franga ya masomo, ya mwaka wa pili ni ngapi, si ya kwanza tu.

Furaha_wa_Ndosho (Goma)
Aksanti sana. Nimesomea baba yote kwa sauti, amenyamaza, kisha akauliza kama bale Wagiriki balirudia nyumba zabo. Mwalimu, nimujibu nini?

Mwalimu_Ibanda (Bukavu)
Mwambie wengi hapana. Mwaka 2004 walipiga kura ya kuunganisha kisiwa, Waturuki asilimia 65 walikubali, Wagiriki asilimia 76 walikataa. Toka 2003 wengi walivuka kuangalia, wakabisha hodi kwenye mlango wao wenyewe, akafungua mtu mwingine.