Milanković na jiwe la matumbawe kisimani

Mwalimu, Makunduchi: Assalaam alaykum. Wanafunzi wangu wameniletea jiwe la matumbawe, lenye kombe ndani yake, lililochimbwa kisimani mbali na pwani, yaani bahari iliwahi kufika huko. Je, hesabu za mwanasayansi Milanković, kuhusu mwendo wa dunia na jua, zinaeleza kupanda na kushuka kwa bahari?

Msomaji, Wete: Wa alaykum salaam, mwalimu. Naam. Mserbia huyo alionyesha kuwa mwinamo wa mhimili wa dunia hubadilika baina ya nyuzi 22.1 na 24.5 katika mzunguko wa miaka 41,000 hivi. Mwinamo ukipungua, jua la majira ya joto hupungua kaskazini, theluji haiyeyuki yote, barafu hurundikana na bahari hupwa.

Mvuvi, Mkokotoni: Ndipo Unguja ikaungana na bara, ilhali Pemba, kwa kina cha mkondo wake, ilibaki kisiwa.