Madoa ya Nasra: gumzo la kikundi cha familia

*Jumamosi usiku*

Mama Nasra: Jamani mpo macho? Nimemuogesha Nasra, nimemkuta na vidoa vyekundu miguuni, vidogo kama ncha ya sindano. Havimuwashi. Na paja lina mavilio ya damu, wakati hajaanguka popote.

Salim: Joto la Dar hilo shemeji. Mpake poda.

Rehema: Subiri. Wifi, chukua glasi ya kioo, kandamiza juu ya vidoa. Vinapotea?

Mama Nasra: Havipotei. Naviona vile vile ndani ya glasi.

Rehema: Basi si joto. Ni damu inayovuja chini ya ngozi. Ana homa?

Mama Nasra: Hana, anacheza tu. Alikuwa na mafua wiki mbili zilizopita, yakaisha.

Bibi: Mkamulieni majani ya mpapai. Mwaka ule wa dengi, 2019, mtaa mzima tulikunywa.

Rehema: Shikamoo mama. Majani tuyaache kwanza, damu yake haijapimwa. Wifi, usimpe Brufen wala aspirini, zinazidisha kuvuja. Akiumwa ni Panadol tu. Na asichomwe sindano ya msuli. Apelekwe usiku huu, apimwe picha kamili ya damu.

Salim: Nawasha gari.

*Jumapili*

Mama Nasra: Tumerudi. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, ni 14,000, na mtoto anatakiwa aanzie 150,000. Malaria hana, dengi hana, chembe nyeupe ziko sawa, bandama haijavimba. Daktari anasema ni ITP, kinga iliyopigana na mafua imegeukia chembe zake mwenyewe. Halafu karudishwa nyumbani bila hata kidonge! Sijafumba jicho.

Rehema: Najua wifi, hata mimi mikono ilikuwa inatetemeka kusoma hiyo namba. Lakini kwa mtoto tunaangalia zaidi damu inayotoka kuliko namba. Ana vidoa na mavilio tu, hatoki damu mdomoni wala puani. Angekuwa anatoka, wangempa prednisoloni ya kutuliza kinga, au dawa ya mshipani. Wengi wao chembe hupanda zenyewe, kwa wiki au miezi kadhaa. Wewe kazi yako ni kumchunguza: fizi kila asubuhi, choo kisiwe cheusi. Akipata muhina, yaani damu ya puani, usiokatika, akaumwa sana kichwa, akatapika au akasinzia ovyo, au akajigonga kichwa, msingoje kupambazuke.

Mama Nasra: Shule je?

Rehema: Muulize daktari siku ya kurudi kupima. Mwalimu ajue. Mpira, kupanda miti na baiskeli, hapana.

Bibi: Baiskeli nimeifungia stoo kwangu. Nasra amelia mpaka nikalia naye.

*Wiki tatu baadaye*

Mama Nasra: 96,000!! Miguu myeupe kabisa, hata doa moja sioni.

Salim: Alhamdulillah!

Rehema: Nimelia hapa kazini wodini jamani. Kipimo kingine lini?

Mama Nasra: Baada ya wiki mbili. Anauliza baiskeli.

Rehema: Bado, mwambie shangazi kasema bado.

Bibi: Naipangusa vumbi. Mleteni Ijumaa ale wali kwangu.