Video ya utani wa keki ya sponji ufukweni Shangani: simu niiweke vipi, krimu ipi isiyeyuke?

Mdau_Chuno
Wakuu, habari za kutwa. Ukoo unakutana ufukweni Shangani, hapa Mtwara, na wajukuu wanataka kumtania babu kwa keki ya sponji: kipande cha godoro kimepakwa krimu, mzee anakata, kisu hakipenyi. Simu ni ya kawaida, inarekodi 1080p. Video za namna hii huharibika kwa mambo yaleyale: upepo unameza sauti, tukio linapita simu haijawashwa, na watu wakianza kucheka mpaka wanaishiwa pumzi, picha inacheza tu. Naombeni maelekezo.

Fundi_Picha_Ligula
Mkuu, kwanza simu isishikwe na mtu. Mshika simu akicheka mkono unatikisika, na kwa kuwa mdomo wake ndio ulio karibu na maiki, kicheko chake kinafunika cha wengine wote. Tumia tripodi, au jaza mchanga kwenye kopo kubwa la maziwa, liweke mezani, uegemeze simu. Lenzi iwe usawa wa macho ya babu akiwa amekaa, umbali mita mbili hivi. Ilaze simu, usiisimamishe, maana utamu uko kwa mzee na kwa waliomzunguka pia. Bahari iwe nyuma ya simu. Ikiwa nyuma ya watu, nyuso zitatoka nyeusi. Halafu gusa uso wa babu kwenye kioo na ushikilie mpaka fokasi ijifunge.

Upepo: simu nyingi maiki kuu iko chini, karibu na tundu la chaji. Kata sponji hilohilo la godoro, unene sentimita moja, lifunike kitundu cha maiki, ulishike pembeni kwa plasta ya kidonda. Usibandike selotepu juu ya kitundu, itafifisha sauti. Kusi likiwa kali, egesha gari upande unakotokea upepo.

Anza kurekodi kabla keki haijaletwa. Fremu (picha) 30 kwa sekunde hula kama MB 130 kwa dakika au pungufu, kwa hiyo ukiwa na GB 2 wazi huna haja ya kubana.

Mama_Keki
Hapo kwenye keki ndipo wengi wanakwama. Kata sponji gumu, kipenyo sentimita 20, kimo 8. Kabla ya krimu lizungushie nailoni ya kufungia chakula mara mbili, ikaze. Usipofanya hivyo sponji linakunywa unyevu wa krimu, inapasuka, vitundu vinaonekana, na babu anagundua kabla hajashika kisu.

Siagi usiiguse, huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 na joto la mchana huku linaifikia. Chukua gramu 250 za mafuta ya kupikia yanayoganda, nusu kilo ya sukari ya unga, vijiko viwili vya maziwa. Paka safu nyembamba, weka kwenye friji nusu saa, paka ya pili, ibebe kwenye boksi la barafu. Sponji ni jepesi mno, libandike kwenye ubao mzito, la sivyo kisu kikigusa tu keki nzima inahama. Na kisu kiwe cha plastiki! Cha chuma kikidunda kinaishia kwenye vidole. Keki ya kweli iwe tayari imefichwa, mzee asiachwe mikono mitupu mbele ya wajukuu.

Mhariri_Mikindani
Mkikata video, bakizeni sekunde 20 hivi. Ianze kisu kikiwa hewani, kidunde mara mbili, na ule ukimya babu anapoangalia kisu kisha keki msiuguse, ndio unaozaa kicheko. Msiweke muziki juu yake. Kwenye WhatsApp itumeni kama dokumenti, ibaki na ubora wake.

Utani wa babu na wajukuu ni haki yao, lakini kuirusha video nje ya ukoo ni lazima akubali mwenyewe. Tena kicheko kikali huweza kuamsha pumu. Mwenye dawa ya kuvuta akae nayo karibu.

Mdau_Chuno
Shukrani sana wakuu. Giza likiingia tukahamia barazani kwenye taa za tyubu, slo-mosheni (mwendo wa polepole) itafaa?

Fundi_Picha_Ligula
Hapana. Umeme wetu ni Hz 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko mwanga wa taa nyingi hupungua na kuongezeka mara mbili, jumla mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila kwenye fremu 120 au 240 picha itapepesa mwanzo mwisho. Rekodi kwa fremu 25, au weka kizuia-kupepesa kwenye Hz 50 kama simu inacho. Slo-mosheni ifanyeni kabla jua halijazama.